Dawa ya Moyo ya Kila Siku: Je, ni Kukosa Imani?



Tunataka kuongea nanyi juu ya jambo ambalo halituachi tangu mazishi ya mama mmoja wa parokia yetu. Jina lake hatulitaji, kwa sababu watoto wake wanasoma jarida hili pamoja nanyi. Mama huyo alikuwa mwimbaji. Alipatwa na ugonjwa wa tansio, na ile tansio ikauchosha moyo wake. Miguu ilivimba. Usiku hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea ukuta, akitafuta hewa. Munganga alimpima akampa vidonge, na sisi tulimwombea. Baada ya siku chache uvimbe ukapungua, usingizi ukarudi. Jumapili alisimama mbele ya kanisa akasema: "Mungu ameniponya." Tulipiga makofi, tuliimba, wengine walicheza. Miezi mitatu baadaye tulimzika.

Mume wake alikuja kwetu na swali moja: "Wazee wangu, nani alimwambia mke wangu aache dawa?" Tulitazamana. Mchungaji hakumwambia. Waombaji hawakumwambia. Wenzake wa kwaya hawakumwambia. Ni kweli, hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia. Lakini binti yake mkubwa alitueleza mengine. Baada ya ule ushuhuda mama alimeza vidonge kwa kujificha, chumbani, mlango umefungwa. Halafu akaacha kabisa. Alimwambia binti yake: "Wakiniona na dawa, watasema nilidanganya mbele ya Mungu."

Basi, wapendwa, tuna maswali mawili. La kwanza: je, kumeza dawa kila siku mpaka mwisho wa maisha ni kukosa imani? La pili linatuuma zaidi: sisi tuliopiga makofi, bila kumwamuru kitu chochote, je, tuna kosa?

1. MOYO HUU NI KITU GANI?

Tuanze na kazi ya Muumba yenyewe. Moyo wa mtu mzima ni mkubwa kama ngumi yake. Una vyumba vinne na vilango vinne. Upande wa kuume unapeleka damu kwenye mapafu ili ipate hewa. Upande wa kushoto unaisukuma kwenda mwili wote, kutoka kichwani hadi vidole vya miguu. Kwa siku moja unapiga karibu mara 100,000. Mtu akiwa ametulia tu, moyo wake unasukuma karibu litri 5 kwa kila dakika. Hesabu wewe mwenyewe: kwa siku moja ni zaidi ya mapipa 35 ya litri 200. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuamuru moyo wake ufanye hivyo? Tunalala, wenyewe unafanya kazi.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Moyo umejaa damu, lakini haunywi ile damu inayopita katika vyumba vyake. Unalishwa kwa mishipa midogo inayouzunguka kwa nje, na unapata chakula chake zaidi katika ule muda mfupi wa kupumzika kati ya pigo na pigo. Yule anayewagawia wote, yeye pia anahitaji kugawiwa. Yule asiyelala, Mungu amemwekea pumziko lake. Tulikumbuke jambo hili, tutalirudia.

Tansio ni nini basi? Ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa. Wanganga wakipima mara kwa mara na kukuta 140 juu au 90 chini, au zaidi, wanasema imepanda. Hapo moyo unakuwa kama kijana anayesukuma chukudu yenye magunia akipanda mlima, leo, kesho, kesho kutwa. Mwanzoni misuli yake inanenepa, anaonekana mwenye nguvu. Baada ya miaka anachoka. Moyo uliochoka hauwezi kusukuma damu yote inayourudia. Ndipo maji yanabaki miguuni, tumboni, na katika mapafu. Ndiyo sababu mgonjwa anakosa hewa akilala chali. Ugonjwa huu ni mwizi asiyebisha hodi: watu wengi wenye tansio hawasikii maumivu yoyote mpaka siku wanapopooza au moyo unaposhindwa.

2. KUPATA NAFUU NA KUPONA

Hapa ndipo mama yetu alipoteleza, na sisi pamoja naye. Dawa kama furosemidi inayatoa maji kwa njia ya mkojo, na mgonjwa anasikia raha baada ya siku chache. Dawa nyingine, kama enalaprili, zinaupunguzia moyo mzigo. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyobadilisha moyo wenyewe kwa juma moja. Chukudu imepunguziwa magunia. Mlima uko palepale. Ukiacha dawa, magunia yanarudi.

Kwa malaria tumezoea jambo lingine: unameza dawa, homa inaisha, unaendelea na kazi. Kwa hiyo tunadhani kila ugonjwa una mwisho wa namna hiyo, na dawa isiyo na mwisho tunaiona kama dawa iliyoshindwa, au kama maombi yaliyoshindwa. Sivyo. Mtu mwenye tansio anayesikia vizuri, anasikia vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Afya yake ya leo haimpi ruhusa ya kuiacha. Inamwonyesha kwa nini aendelee.

Tunamkumbuka munganga mmoja wa Uingereza, William Withering. Aliulizwa juu ya dawa ya miti shamba iliyotengenezwa na mama mmoja mzee wa sehemu za Shropshire. Mama huyo aliwasaidia watu waliovimba ambao wanganga walikuwa wameshindwa. Withering hakumcheka. Alichunguza mchanganyiko wake wa majani mengi, akatambua kwamba nguvu ilikuwa katika jani moja. Alilijaribu kwa wagonjwa wake miaka kumi, akitafuta kipimo, kwa sababu jani hilo likizidi kidogo linaua. Mwaka wa 1785 alitoa kitabu. Ndani yake aliandika waliopona na pia walioshindwa, hakuficha. Dawa kutoka familia ya mmea ule, digoksini, inatumika hata leo kwa wagonjwa wengine wa moyo.

Tunajifunza nini? Kwanza, miti ni ya Mungu, na mama mzee wa kijijini anaweza kuwa na hekima ambayo msomi hana. Pili, hekima hiyo inahitaji kipimo. Anayewanywesha wagonjwa wa moyo majani bila kujua kipimo anacheza na maisha ya watu. Tatu, mtu asiyekuwa na ofisi katika kanisa letu alitoa ushuhuda ulio safi kuliko mingi tunayoisikia, kwa sababu alihesabu pia wale walioshindwa.

3. NDUGU WANAOTUPINGA

Ndugu wengine wanasema: "Kanisa letu lilizaliwa katika maombi ya wagonjwa. Mkitufundisha vidonge, mnaondoa nguvu ya Roho." Hatuwadharau ndugu hawa. Wazazi wetu waliombewa wakainuka, nasi hatutaacha kuwawekea wagonjwa mikono. Wanatuletea pia habari ya mfalme Asa katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 16, ambaye aliugua miguu akawatafuta waganga asimtafute Bwana, akafa.

Lakini tusome sura nzima, tusisome mistari ya mwisho tu. Kabla ya kuugua, Asa alikuwa amechukua feza na zahabu za nyumba ya Bwana ili anunue msaada wa mfalme wa Shamu. Nabii alipomkemea, alimtia gerezani. Ni mtu aliyekuwa amemwacha Mungu akiwa mzima, na alipougua akaendelea katika njia ileile. Kosa lake ni kwamba hakumtafuta Bwana. Mgonjwa anayeomba asubuhi halafu akameza kidonge chake, anafanana na Asa katika nini?

Sasa tumtazame mfalme Hezekia katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Neno la uponyaji lilikuwa limekwisha kutoka katika kinywa cha nabii. Na bado nabii Isaya mwenyewe aliagiza mkate wa tini uletwe, ukawekwa juu ya jipu lake. Je, ahadi ilikuwa pungufu hata ikahitaji tini? Hapana. Je, Hezekia alisema, "Mimi nimeahidiwa, tini ni za wasioamini"? Hapana. Nabii aliyeleta neno ndiye aliyeagiza dawa. Kwa sisi tulio kanisa la kinabii, mfano huu ungetosha.

4. MOYO WA NYAMA NA MOYO WA MTU

Kuna hofu nyingine ambayo watu hawaisemi waziwazi. Wanasema: "Mguu ni mguu, jino ni jino. Lakini moyo ni kiti cha Mungu. Ugonjwa wa moyo lazima uwe jambo la roho." Kwa hiyo mgonjwa wa moyo anatazamwa kwa namna ya pekee: amekosa nini? Nani amemfunga? Hata kwenye kilio cha mama yetu tulisikia minong'ono juu ya wifi yake, kwamba alimroga moyo. Yule wifi ndiye aliyekuwa akimwosha miguu iliyovimba.

Tuangalie mambo yaliyotendeka. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur huko Cape Town, Afrika Kusini, Christiaan Barnard na wenzake walimwekea Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Aliishi siku 18. Tarehe 2 Januari 1968 walimfanyia hivyo Philip Blaiberg, mtu mweupe, na moyo aliopewa ulikuwa wa Clive Haupt, kijana ambaye sheria za nchi ile ziliandika kuwa si mweupe. Katika siku hizo watu wa namna hizo mbili hawakuruhusiwa kukaa jirani katika mtaa mmoja. Lakini moyo wa mmoja ulipiga katika kifua cha mwingine zaidi ya miezi 19. Moyo haukuuliza rangi. Na Blaiberg aliamka akiwa Blaiberg, mwenye jina lake, mke wake na kumbukumbu zake.

Tunaona basi kwamba moyo tunaouita kiti cha Mungu haufanani na ule wa nyama kwa kila jambo, ijapokuwa tunauita kwa neno moja. Ezekieli alipoahidi moyo mpya badala ya moyo wa jiwe, hakuwa akizungumzia kisu cha munganga. Moyo wa nyama unaweza kuwa dhaifu, na moyo wa mtu ukawa imara katika Bwana: ndivyo alivyokuwa mama yetu. Na moyo wa nyama unaweza kupiga vizuri sana katika kifua cha mtu mwovu. Kwa hiyo ugonjwa wa moyo hauonyeshi zambi ya mtu, na hautupi ruhusa ya kumtafuta mlozi. Chumvi nyingi, tansio isiyopimwa, koo la mtoto lisilotibiwa, kazi ya uzazi iliyouchosha moyo wa mama: hizo ni njia za ugonjwa huu, na zote zinajulikana.

5. MANA YA KILA SIKU

Sasa tujibu swali la kwanza. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani walipewa mana ya siku moja. Aliyeweka ya kesho aliikuta imeoza, isipokuwa ile ya sabato. Mungu angeweza kuwapa ghala ya miaka arobaini. Hakutaka. Aliwafundisha kuamka kila asubuhi wakiwa na mikono mitupu.

Tunafikiri kwamba mara nyingine tamaa yetu ya kupona mara moja kwa daima ni tamaa ya kumaliza kutegemea. Tunataka kuwa watu wasiohitaji kitu tena: wala munganga, wala ndugu wa kutununulia dawa, na, kama tungesema kweli, wala maombi ya kesho. Mtu anayepokea kidonge chake asubuhi, akamshukuru Mungu, akajua kwamba kesho atapokea tena, huyo anaishi kama mla mana. Tena ni kama moyo wenyewe, ambao unawalisha wote lakini hauoni haya kulishwa. Je, imani yake ni ndogo? Sisi tunaona inatendeka mara 365 kwa mwaka.

Na kama Mungu akipenda kumponya mtu kabisa, anaweza, nasi tunaamini hivyo. Lakini uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Wale wenye ukoma kumi Bwana aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani, ambao kazi yao ilikuwa kuthibitisha. Aliyepona atapimwa, na munganga mwenyewe ndiye atakayesema dawa ipunguzwe. Uponyaji unaohitaji kukimbia kipimo haujafika bado.

6. NA SISI TULIOPIGA MAKOFI?

Tumelifikia swali la pili. Tunaweza kusema: mama alikuwa mtu mzima, aliamua mwenyewe. Ni kweli kwa sehemu, na hatutaki kumfanya mtoto mdogo baada ya kufa kwake. Lakini mtu anayefungwa na haya hachagui kwa uhuru wote. Na ile haya ilitoka wapi? Haikutoka kwa Mungu. Ilitoka katika makofi yetu. Tulikuwa na makofi kwa aliyesema "nimepona", na hatukuwa na makofi kwa aliyesema "ninaendelea na dawa, na Mungu yuko pamoja nami". Kila Jumapili tulifundisha bila kufungua kinywa.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuna sheria juu ya mtu anayejenga nyumba mpya: aweke ukingo juu ya dari yake, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Yule mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Hakumwambia aruke. Aliacha tu kujenga ukingo. Na sheria inasema damu iko juu ya nyumba yake. Wapendwa, sisi tulijenga dari ya ushuhuda, ndefu na nzuri, bila ukingo. Mama yetu alipanda juu yake tukimshangilia.

Kwa hiyo jibu letu kwa mume wake, tulilompelekea nyumbani kwake, ni hili: hatukumwua, lakini hatuwezi kunawa mikono. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatupa viti. Hilo tu. Tunamshukuru kwa vile viti.

Kuna jambo lingine la kuona haya. Feza tulizochanga kwa sanduku, kwa gari na kwa chakula cha kilio zingemnunulia vidonge kwa muda mrefu. Tunajua kumchangia maiti. Hatujajifunza kumchangia mgonjwa anayetembea.

7. TUFANYE NINI?

Parokia yetu imekubaliana mambo haya, nasi tunayaleta mbele yenu ili kila parokia ifikiri.

Kwanza, hakuna atakayeshuhudia kupona moyo au tansio bila kupimwa. Na anayetumia dawa atakaribishwa kushuhudia akiwa na dawa yake mkononi. Makofi yatakuwa yale yale.

Pili, waombaji wetu, wakimaliza kuomba, watamwuliza kila mgonjwa: "Dawa unazo?" Kama hana, tunatafuta pamoja.

Tatu, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, muuguzi wa parokia atapima tansio ya kila mtu mzima anayetaka. Wanaosikia wazima ndio tunawaita kwanza.

Nne, wamama watuangalilie chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo, yote pamoja. Makayabu iloweshwe na maji yake yamwagwe, na sombe isitiwe chumvi mara mbili.

Tano, wazazi wasidharau koo la mtoto linalouma pamoja na homa. Koo fulani lisipotibiwa linaweza kuleta homa ya viungo, na homa hiyo inaharibu vilango vya moyo. Penisilini inazuia jambo hilo. Mtoto ambaye tayari amepatwa anachomwa shindano kila baada ya majuma matatu au manne, kwa miaka mingi. Asiruke hata moja kwa sababu ya safari ya maombi. Mchukueni kwenye maombi, na shindano lake lisikose siku.

Binti ya mama yetu ameingia katika kwaya, mahali pa mama yake. Alipimwa ile Jumapili ya kwanza, mbele ya mlango wa kanisa, watu wote wakiona. Tansio yake ni nzuri. Baba yake alipimwa nyuma yake, na yake si nzuri. Ameanza dawa, na tunamwona akizimeza bila kujificha.

Mungu Baba atujalie imani isiyoogopa kweli, na upendo usioongea kwa makofi tu.

Amina.